HOTUBA YA KATIBU WA TAWI JUU YA NDOANA NA VYAMBO VYA USHIRIKA

(Ilisomwa kwa wanachama mbele ya stoo. Imeandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shamba na wale wa ng'ambo ya mto.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliosimama mlangoni kama mnataka kukimbia,

Nimepewa nafasi niseme juu ya lile sanduku la marehemu mzee wetu. Maneno yamekuwa mengi. Yako kisimani, yako kwenye kijiwe cha bodaboda, yamevuka mpaka kwa wenzetu wa upande wa Kisarawe. Basi mimi nitasema kilichomo, nitasema kinavyoharibika, na nitasema kamati inashauri nini. Kuamua ni kwenu.

Wengi mnajua, lakini vijana hawajui. Mzee yule hakuzaliwa hapa mtoni. Alitoka Kisiju, enzi zile Mkuranga haijawa wilaya, Kisarawe ikifika mpaka baharini. Alikuwa fundi wa kurambaza, yaani kuvuta mshipi nyuma ya chombo huku chombo kinakwenda, na kwenye mshipi hakuna dagaa wala ngisi, kuna chambo cha bandia. Alipohamia kwetu alikuja na ufundi wake, na kila kaskazi ikiingia, bahari ikitulia, aliwachukua vijana wetu kwenda dago. Nguru waliokuja hapa wamekaushwa kwa chumvi, tukala kwa muhogo, walivuliwa kwa vitu vya sanduku hili.

Mjane wake, ambaye amekaa pale kwenye mkeka, shikamoo mama, alilikabidhi sanduku kwa ushirika mbele ya kamati. Alisema visiuzwe, na watoto wa hapa wavitumie. Sasa kuna wenzetu wanasema kuna mtu mjini yuko tayari kununua sanduku zima. Wengine wanasema tugawane, kila mvuvi fungu lake, yaishe.

Kwanza yaliyomo. Tulilifungua watu wanne, na asubuhi nzima ikaisha kwa kufumbua tu. Mshipi umezunguka ndoana, ndoana imeshika manyoya, manyoya yamegandana na plastiki iliyoyeyuka. Tulipata ndoana 386. Kati ya hizo 71 zimeliwa na kutu, huwezi kumvua hata perege. Vyambo vya bandia ni 94. Vipo vya manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi mwekundu. Vipo vilivyokatwa kutoka kijiko cha chai, kikatobolewa huku na huku. Vipo vya mpini wa mswaki. Vipo vya dukani pia, vile vya samaki wa rangi na vile vya mfano wa kamba vya kuvulia ngisi.

Kijana mmoja alicheka alipoona mpini wa mswaki. Nikamwambia asicheke. Huko Finland alikuwako mvuvi, Lauri Rapala. Mwaka 1936 alichonga chambo chake kwa kizibo, akakivisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, halafu akayeyusha filamu za picha akakipaka juu ili maji yasiingie. Leo jina lake linauzwa dunia nzima. Na ndoana nyingi za wavuvi wetu zimetoka kwa Mustad wa Norway, ambao wanatengeneza ndoana tangu 1877. Nchi hizo Kibaha tunazijua, maana ndizo pamoja na Denmark na Sweden zilizoshirikiana nasi kuanzisha Kituo cha Elimu Kibaha mwaka 1963. Kwa hiyo tusidhani vyambo vya mzee ni uchafu kwa sababu vimetoka jikoni.

Sasa kuharibika. Adui wa ndoana ni chumvi. Ukitoka baharini ukaiweka hivyo hivyo, chumvi inakauka juu ya chuma, lakini haijalala. Inavuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya Pwani mnaijua, hata kiberiti wakati wa masika hakiwaki. Ndiyo maana ndoana iliyokaa kwenye kopo miezi mitatu bila kuguswa unaikuta imekufa. Dawa ni maji baridi ya mto au ya mvua. Osha, pangusa, anika kivulini, na usiku ule ule usifunge kifuniko. Ikikauka kabisa ndipo uipitishie kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani. Kidogo! Ukiimwagia, harufu itabaki, na samaki ana pua. Na ndoana mpya isilale kopo moja na yenye kutu, maana kutu nayo inashika maji, na maji yanakwenda kwa jirani.

Ndani ya kopo weka vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Tumezoea kuvitupa, kumbe kazi yake ni kunyonya unyevu. Asiyekuwa navyo afunge mchele mkavu kwenye kitambaa, na aubadilishe.

Manyoya yana adui mwingine. Mende na wadudu wa nguo wanayala, panya anayabeba kutandikia watoto. Hayo yakae kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Mwarobaini hatununui, upo nyuma ya ofisi.

Plastiki laini, vile vyambo vya kuvutika kama mpira, ndivyo vilivyotutesa zaidi. Ukichanganya rangi, nyekundu inaingia kwenye nyeupe na haitoki tena. Ukiviweka ndani ya plastiki nyingine isiyo yake, na jua linapiga bati la stoo, vinayeyuka vyote vinakuwa uji. Tulikuta kumi na vitatu vimekuwa donge moja. Kila kimoja kibaki kwenye pakiti yake kilichokuja nayo, rangi na rangi yake, na visikae rafu ya juu karibu na bati.

Na mshipi wa nailoni jua linaula pia. Kwa macho ni mzima, ukipata samaki wa maana unakatika kama uzi wa kushonea. Uviringwe kwenye kibao au chupa, bila kukaza, ukae gizani. Kabla ya msimu tuupime kwa ile mizani ya kuning'iniza tuliyokuwa tunapimia korosho. Funga ncha moja, vuta, soma kilo. Mshipi ulioandikwa kilo ishirini ukikatika kwenye tisa, huo ni wa kufungia kuku.

Nakuja kwenye kupanga, na hapa ndipo ugomvi ulipo.

Wako wanaotaka kupanga kwa mwenyewe, hili la fulani, hili la fulani. Wako wanaotaka kwa ukubwa. Kijana mmoja anataka kwa rangi, apige picha za simu. Mimi nasema tupange kwa samaki. Mvuvi haendi stoo kutafuta rangi ya bluu, anakwenda kutafuta kitu cha kumpata nguru.

Kwanza tutenganishe mto na bahari. Mto wetu Ruvu, huu unaoinywesha Dar es Salaam kutoka mitambo ya Ruvu Juu pale Mlandizi, maji yake wakati wa mvua ni kama chai ya maziwa. Kambale hamwoni mtu humo. Anatafuta chakula kwa sharubu na kwa harufu. Ukimwonyesha kijiko kinachong'aa unamsumbua bure, yeye anataka mnyoo, utumbo wa kuku, hata kipande cha sabuni. Kwa hiyo kopo la mto ni la ndoana, chubwi na mishipi, basi. Vyambo vya bandia ni vya samaki anayewinda kwa macho kwenye maji maangavu, kama nguru, jodari, kolekole. Wapo wa mtoni pia, lakini si hapa. Kule Kilombero, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, kuna samaki mwenye meno kama ya mbwa, na wageni wanatoka ng'ambo kulipa fedha nyingi wamvue kwa manyoya na uzi, halafu wanamrudisha majini. Hayo ya kumrudisha msiniulize.

Kopo la ngisi liwe peke yake, maana vile vikamba vya plastiki vina taji la sindano chini, vinashika kila kitu. Na ndoana zote za meno matatu tuzivishe vipande vya mpira wa baiskeli kwenye ncha. Nyingine tuzichomeke kwenye soli za ndara zilizokatika. Hili silisemi kwa urembo. Mwezi uliopita mtoto alichomwa kiganjani hapa hapa stoo, ikabidi apelekwe zahanati, ndoana ikatolewa, akapigwa na sindano ya pepopunda. Mtoto amepona. Lakini lile sanduku lilikuwa wazi, na watoto wanapenda vitu vya kung'aa kama samaki wanavyopenda.

Halafu namba. Wale tuliosoma kisomo cha watu wazima tulifundishwa kwamba kumi na mbili ni kubwa kuliko sita. Kwenye ndoana ni kinyume. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Ukipita moja ndipo unakutana na zile zenye mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, 5/0, na hizo sasa zinakua kwa kadiri tarakimu inavyopanda. Mwenzetu mmoja alitumwa Kariakoo kununua ndoana kubwa, akanunua namba 14, paketi nzima. Alirudi na ndoana za kuvulia viluwiluwi. Tulimcheka, lakini nani alikuwa amemwandikia? Kwa hiyo kila kopo liwe na karatasi: jina la samaki, namba ya ndoana, idadi. Na tuchore picha ya samaki, kwa sababu si kila anayejua kuvua anajua kusoma, na kopo ni la wote. Binti wa Mwenyekiti anachora vizuri, tumeshamwomba.

Daftari liwe moja. Tarehe, jina, kitu gani, vingapi, siku ya kurudi, na kimerudi katika hali gani. Anayepoteza baharini aandike kimepotea, hatamwagwa damu, bahari inachukua. Anayeficha ndiye atakayeitwa. Funguo ziwe mbili na kufuli mbili, moja kwa mama mtunza stoo, moja kwa mweka hazina, mmoja asiweze kufungua peke yake. Hata katibu asiwe na ufunguo. Nasema hivyo mimi katibu.

Sasa kuuza au kugawana. Nimesema kuamua ni kwenu, lakini ushauri wa kamati ni huu. Katika vile vyambo 94 kuna aina 22 ambazo mzee alizitengeneza kwa mkono wake. Kila aina tuchague kimoja kilicho kizima, tukichomeke kwenye ubao, tuandike chini yake: cha samaki gani, kimetokana na nini, kimefungwa vipi. Hivyo 22 visiingie majini kamwe. Vinavyobaki vitumike mpaka viishe, na vikiisha vijana watengeneze vingine kwa kutazama ubao. Vijiko vipo, majogoo wapo. Tukigawana leo, baada ya kaskazi mbili hakuna atakayejua mzee alikuwa anafunga ule uzi mwekundu mara ngapi. Tukiuza, fedha itatosha kununua mabati machache na soda za siku ya mkutano.

Kuna aliyeniuliza, na mjane anapata nini? Swali zuri. Kamati inashauri kila safari ya dago itakayotumia vyambo vya sanduku, sehemu ya samaki itoke kwake kwanza kabla ya kugawa. Kiasi gani, mkutano mkuu upange, na yeye mwenyewe asikilizwe. Asipewe kama sadaka. Vifaa ni vya mumewe.

Hayo ya kuuza yatangoja mkutano mkuu. Lakini kutu haingoji mkutano. Kwa hiyo kazi ya kusafisha ni Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, chini ya mwembe wa ofisi. Kila nyumba ilete kopo moja la bati lenye kifuniko, maziwa ya unga au rangi, lakini la rangi lioshwe kabisa. Ndara iliyokatika, tusiitupe, ije. Mwenye mpira wa baiskeli mbovu aulete. Vijana walete majani ya mwarobaini yawe yameanikwa tangu kesho. Wenzetu wa upande wa Kisarawe, mtumbwi utawangoja kuanzia saa moja. Watoto wadogo wabaki nyumbani.