Kitenzi Kimoja, Makosa Mawili: Neno "Kulawiti" na Kijana wa Ujiji

Kiswahili kilifika Ujiji na misafara ya wafanyabiashara wa Pwani katika karne ya 19, na Uislamu ukaja pamoja nacho. Mapadre Weupe walifuata mwaka 1879. Dini hizo mbili, zinazotofautiana kwa mengi, zilikutana katika neno moja. Liwati ni neno la asili ya Kiarabu, lililotokana na jina la Nabii Luti. Biblia ya Kiswahili nayo huwataja walawiti.

Kimsingi neno hilo hutaja tendo. Hata hivyo, katika magazeti ya Tanzania anayeshtakiwa kwa kulawiti mara nyingi ni mtu mzima aliyemnajisi mtoto. Hapo ndipo penye tatizo. Mvulana wa miaka 15 mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, ambaye moyo wake huelekea kwa wavulana wenzake na hajamgusa mtu, husikia mimbarini akitiwa fungu moja na mnajisi huyo. Hata shoga, mwito wa upendo baina ya wanawake wa Pwani, likimwelekea yeye huwa tusi. Hana neno la kumwelezea mama yake.

Aidha, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu humtia hatiani atendaye na akubaliye kutendwa, kwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Basi kijana huyo akinajisiwa kweli, huogopa kushtaki: neno litakalomtaja mkosaji ndilo lililokwisha kumtaja yeye.