Ghala la Mlimani

Katika Injili ya Luka, sura ya 12, tajiri mmoja aliazimia kubomoa maghala yake ajenge makubwa zaidi, asijue kwamba usiku uleule roho yake ingetakiwa. Sisi hatukubomoa. Huko juu katika milima ya Uluguru, mahali pasipofikika kwa gari, jumuiya yetu ilikabidhiwa ghala kuukuu: paa limeoza, kuta zimepasuka, panya ndio wenyeji. Tuliliezeka upya, tukakandika kuta, tukainua uchaga ili unyevu usiyafikie mahindi.

Bustani iliyo kando yake ndiyo iliyotufundisha unyenyekevu. Kwa haraka yetu tulipiga matuta kuufuata mteremko. Masika yalipofika, mvua ikazoa udongo pamoja na kabichi zetu. Bibi mmoja jirani akatuambia kwa upole: "Wanangu, mmeuchongea udongo njia." Tukaanza tena, tukakingamisha matuta, tukapanda mabingobingo kingoni.

Ndugu wapenzi, maji ya milima hiyo hushuka hadi Mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Kumbe uzembe wetu wa juu ni tope la mtu wa chini, ambaye hatutamwona kamwe. Huyo naye ni jirani yetu. Tujaze ghala, lakini mhitaji asikute limefungwa. Tulime, lakini tumkumbuke anywaye baada yetu. Mungu atujalie neema hiyo. Amina.