Baiskeli Barabarani na Itikadi ya Mpandaji: Mazingatio kutoka Uholanzi na Toronto

Utangulizi

Nimetakiwa nieleze katika semina hii jinsi safari ya kila siku ya kwenda kazini kwa baiskeli inavyofungamana na itikadi ya siasa, maudhui ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaweza kudhaniwa kuwa mzaha, maana chuma na mpira havipigi kura wala havilipi ada ya chama. Hata hivyo iko miji ambayo mtu akipita juu ya magurudumu mawili, kabla hajafumbua kinywa, watazamaji wamekwisha kumpangia mrengo, gazeti analosoma na mgombea atakayempa kura. Nitajaribu kuthibitisha kwamba baiskeli haina madhehebu ya asili. Huvishwa itikadi mahali ambapo barabara imekuwa mali ya kugombaniwa, na huvuliwa mahali ambapo kila mpita njia amepewa haki yake.

Siasa ya kwanza ya baiskeli

Bei ya baiskeli ilipoanza kushuka mwishoni mwa karne ya 19, chombo hicho kilitoka katika milki ya matajiri kikawafikia mafundi na makarani, watu wasio na farasi, na hao ndio walioipa siasa yake ya kwanza. Mwaka 1894, mjini Birmingham nchini Uingereza, wasomaji wa Clarion, gazeti la kijamaa la Robert Blatchford, waliunda klabu ya wapanda baiskeli, wakawa siku za mapumziko wakienda vijijini kugawa magazeti na vijitabu vya ujamaa. Na mwaka 1896 wafanyakazi wa Ujerumani waliunda umoja wao, uliokuja kujulikana kwa jina la Solidarität, ambao Wanazi waliupiga marufuku mwaka 1933. Lakini katika zama zizo hizo baiskeli ilimbeba tarishi wa posta, polisi wa doria na askari wa dola, wala haikumtupa chini yeyote kwa tofauti ya imani.

Uholanzi: kutoka uasi hadi ada

Aghlabu husemwa kuwa Waholanzi wamezaliwa na baiskeli, na kwa hiyo habari zao hazina mafunzo kwa wengine. Kauli hii haistahimili uchunguzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili mapato yaliongezeka, motokaa zikajaa mijini, na mpanda baiskeli akasukumwa pembeni kama masalio ya zama zilizopita. Mwaka 1965 vijana wa kundi la Provo mjini Amsterdam, kwa shauri la Luud Schimmelpennink, walipozipaka baiskeli rangi nyeupe na kuziacha njiani zitumiwe na yeyote bila malipo, polisi walizikamata, kwa hoja kwamba sheria hairuhusu baiskeli kuachwa bila kufuli. Wakati huo baiskeli ilikuwa alama ya uasi, na lau mambo yangalibaki hapo, pengine ingalibaki mali ya vijana wenye nywele ndefu, ikichukiwa na kila mwenye kuwachukia wao.

Kilichogeuza hoja ni msiba. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walifariki katika ajali za barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye binti yake aliuawa na motokaa alipokuwa akienda shuleni kwa baiskeli, aliandika katika gazeti la De Tijd akidai mauaji ya watoto yakomeshwe, na dai lake likawa jina la harakati iliyoongozwa mwanzoni na Maartje van Putten. Wazazi wakaziba njia, watoto wakachezea barabarani. Kisha Novemba 1973, kwa sababu ya uhaba wa mafuta, serikali ya Joop den Uyl ikapiga marufuku motokaa siku za Jumapili, na umma ukauona mji mwingine ndani ya mji wao. Zikafuata njia za majaribio za baiskeli katika miji ya The Hague na Tilburg, ijapokuwa baadhi ya wenye maduka walilalamika kwamba biashara yao itaangamia.

Tuzingatie kwamba swali lilikuwa limebadilika. Wananchi hawakuulizwa tena kama wanawapenda wapanda baiskeli, bali kama wako radhi watoto waendelee kufa. Na katika swali hilo mzazi wa kulia na mzazi wa kushoto walijibu kwa sauti moja. Natija yake ni kwamba leo zaidi ya robo ya safari zote nchini Uholanzi hufanywa kwa baiskeli, na Mark Rutte, kiongozi wa chama cha mrengo wa kulia aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2010 hadi 2024, alikwenda ofisini kwa baiskeli bila ya mtu kumtuhumu kuwa amehama chama.

Toronto: kinyume cha mambo

Tukivuka Atlantiki tunakuta sura nyingine. Mwaka 1998 mji wa Toronto, Kanada, uliunganishwa na vitongoji vyake kuwa manispaa moja, na mwaka 2010 kura za vitongoji hivyo zilimpa umeya Rob Ford, aliyeahidi kukomesha kile alichokiita vita dhidi ya motokaa. Katika sherehe ya kuapishwa baraza jipya, mtangazaji mashuhuri wa mchezo wa hoki, Don Cherry, akiwa amevaa koti la waridi kwa makusudi ya kejeli, aliwadhihaki watu wa mrengo wa kushoto kwa kuwataja kuwa ndio wapanda baiskeli. Njia za baiskeli za Jarvis Street, zilizochorwa mwaka 2010, zilifutwa mwaka 2012. Uhasama huo haukufa: Novemba 2024 bunge la jimbo la Ontario, chini ya serikali ya Doug Ford, nduguye Rob, lilipitisha sheria ya kuondoa njia za baiskeli katika barabara tatu kuu za mji huo.

Si insafu kuwaita watu wa vitongojini wajinga. Mtu anayeishi mbali, ambaye basi lake huchelewa na ambaye hakujengewa njia yoyote mlangoni pake, akiona barabara ya kati inapunguzwa kwa manufaa ya wakaao karibu, hudhani amenyang'anywa. Ugomvi ni wa mahali na masafa. Itikadi ni vazi tu.

Mpandaji asiyehesabiwa

Liko jambo moja linalopuuzwa katika mijadala hiyo. Itikadi hubandikwa kwa mtu mwenye hiari, yule ambaye angeweza kununua motokaa naye akaiacha. Mwosha vyombo wa hotelini anayerudi kwake usiku wa manane kwa baiskeli haitwi mjamaa wala mhafidhina, haitwi chochote. Na hapa ndipo maudhui haya yanapotugusa sisi, kwani mchuuzi wa samaki au wa mkaa anayepanda baiskeli katika miji yetu hana hiari, na kwa kukosa hiari amekosa pia sauti. Wenzetu wanatukanana kwa sababu ya baiskeli. Sisi tumenyamaza, na ukimya huo nao ni siasa.

Mapendekezo

Naomba semina izingatie mambo matatu. Kwanza, madai ya njia salama yasimame juu ya uhai wa wapita njia wote, si juu ya sifa za wapanda baiskeli. Pili, ujenzi uanzie pembezoni mwa mji, ili mkazi wa mbali asijione mgeni katika maendeleo ya wengine. Tatu, kila halmashauri inapohesabu vyombo barabarani, iwahesabu pia wapanda baiskeli wa dharura, kwa kuwa asiyeingia katika hesabu haingii katika bajeti.