Bei ya Paneli na Umri Wake
Ndugu wananchi wa Bariadi, paneli za sola za perovskaiti zinasifiwa kwamba zitakuwa nafuu kuliko za silikoni. Sifa hiyo ina msingi: silikoni huyeyushwa kwa nyuzi joto zaidi ya 1,400, ilhali perovskaiti huweza kupakwa kama rangi. Mwaka 2009 iligeuza asilimia 3.8 tu ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Leo maabara zimevuka 25. Kilichobaki ni uimara. Unyevu na joto huichakaza mapema, nayo aghalabu ina risasi, ambayo ni sumu. Paneli nyingi za silikoni hudhaminiwa miaka 25. Fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka. Tunawashauri msiitoe kwa ajili ya jina jipya. Daini dhamana ya maandishi, risiti, na alama ya ubora ya TBS.