Nyasi Nazo Huweka Akiba



Leo tuzungumze juu ya nyasi. Sisi wa Shinyanga na Geita ni wafugaji. Ng'ombe ndiye maziwa, ndiye anayevuta plau, ndiye mahari. Lakini je, jani likiliwa, jipya linatoka wapi?

Jani ndilo jiko la mmea. Likipata jua, maji na hewa, hupika chakula. Kingine hutumika hapo hapo. Kinachobaki hushuka chini, kikawekwa kwenye shina na mizizi. Hiyo ndiyo akiba, kama mtama katika kihenge.

Ng'ombe akila majani, jiko limeondoka. Basi mmea hutoa akiba ukachipua. Majani mapya yakikua, hupika tena na kujaza ghala.

Sasa, mifugo ikirudi kabla ghala halijajaa? Mmea utachota tena kile kidogo kilichobaki. Mkirudia hivyo mara nyingi, mizizi hudhoofika, haifikii maji, na nyasi hufa. Mvua ikija inakuta ardhi tupu, inachukua udongo.

Hatari kubwa ni mvua za kwanza. Tunaona kijani, tunafurahi, tunafungulia ng'ombe. Kumbe machipukizi yale yametumia akiba iliyobaki tangu kiangazi! Kuyalisha wakati ule ni kula mbegu.

Ndiyo maana wazee wa Kisukuma waliweka ngitili. Hufungwa mvua zinapoanza. Hufunguliwa kiangazi, nyasi zimekauka na akiba imeshashuka chini. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Ulipokwisha mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa haikupandwa. Ilichipuka yenyewe kutoka visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini.

Basi tufanye hivi:

1. Tusilishe machipukizi ya mvua za kwanza katika ngitili.
2. Tukikata majani ya kulishia, tubakize shina, kama upana wa kiganja.
3. Dagashida ikipanga siku ya kufungua, tuifuate wote, mwenye ng'ombe wawili na mwenye mia.

Dhahabu ya Geita ukishaichimba haichipui. Nyasi huchipua, mradi tuziachie akiba yake.

Je, kijijini kwenu ngitili hufungwa lini, na nani huilinda? Jadilianeni.