Kimbunga Hupimwa kwa Upepo, Si kwa Mvua

 

Mwezi Mei 2024, siku zile za Kimbunga Hidaya, mkulima mmoja wa Chamazi, huko Temeke, aliniuliza hivi: "Bwana shamba, jana redio imesema kimbunga, leo yasema kimepungua. Sasa ndizi zangu nizikate ama niziache?" Swali zuri, na huenda wengi wenu mnalo.

Wataalamu wa hali ya hewa hutaja daraja la kimbunga kwa kitu kimoja tu, nacho ni mwendo wa upepo unaozunguka. Katika bahari yetu hii ya Hindi, upande wa kusini-magharibi, huchukuliwa wastani wa dakika 10, si lile pigo moja la ghafla lililong'oa bati la jirani. Upepo ukifika kilometa 63 kwa saa, hiyo ni dhoruba ya wastani, nayo hupewa jina. Kutoka 89 ni dhoruba kali. Ukifika 118 ndipo huitwa kimbunga, ukifika 166 ni kimbunga kikali, na ukipita 212 ni kikali mno. Wamarekani wao hutumia wastani wa dakika moja, kwa hiyo tarakimu zao huwa kubwa zaidi kwa kimbunga kile kile. Msibabaike mkisikia idhaa mbili zikipishana.

Basi la abiria barabarani huruhusiwa kwenda kilometa 80 kwa saa. Upepo wa kimbunga hulipita basi hilo! Tena upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Mgomba unaostahimili upepo wa 40 si lazima ustahimili wa 80, hasa ukiwa umebeba mkungu.

Hidaya ilifika kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024 ikiwa imekwisha kupungua nguvu. Daraja lilishuka, lakini maji hayakushuka. Mvua ilinyesha kwa nguvu pwani ya kusini, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika kule Somanga, Kilwa. Hapo ndipo penye kosa letu wengi. Tukisikia "kimepungua" tunadhani mambo yamekwisha, kumbe kilichopungua ni upepo. Daraja halisemi lolote juu ya mvua.

Vimbunga hutufikia kwa nadra, maana tuko karibu na Ikweta, ambako upepo haupati mzunguko wa kutosha. Lakini Lindi walikiona mwezi Aprili 1952, na mwezi Aprili 2021 Jobo ilikuja mpaka karibu na Dar es Salaam, ikiwa imedhoofika.

Basi nilimjibu yule ndugu hivi. Likitajwa jina la dhoruba inayoelekea kwetu, kata mikungu iliyokomaa, egemeza miti ile michanga, na punguza majani ili upepo usipate pa kushika. Hayo ni ya upepo. Lakini nyanya na mchicha wa bondeni, pale Toangoma au Mabwepande, ni habari nyingine. Zibua mitaro, panda na mbegu zako juu ya dari, na uisikilize taarifa ya mvua ya Mamlaka ya Hali ya Hewa mpaka mwisho, hata baada ya kimbunga kutangazwa kuwa kimekwisha.