Mfupa Uliotoka Nje: Kuosha ni Siku Moja, Kupona ni Mwaka

(Maneno ya timu ya afya kwenye semina ya viongozi wa vikundi)

Tumeombwa tuzungumze juu ya mifupa, nasi tumechagua aina moja tu: mfupa uliovunjika na ngozi ikapasuka pia. Mara nyingine mfupa unaonekana wazi. Mara nyingine ni kitundu kidogo tu, kama mtu amechomwa na mwiba, na watu wanasema, "Haka si kitu." Lakini kama mfupa wa chini yake umevunjika, kitundu hicho ni mlango, na uchafu wa barabara unaweza kuwa umeshaingia mpaka mfupani.

Siku hizi nyingi tunazoziona ni za bodaboda, na mguu chini ya goti ndio unaoumia sana. Shika ugoko wako hapo ulipokaa. Mbele hakuna nyama, ni ngozi tu halafu mfupa. Ndiyo sababu unatokeza upesi, na ndiyo sababu unachelewa kupona.

Sasa, pale barabarani kila mtu huwa daktari. Mmoja analeta majivu, mwingine mafuta taa, mwingine anataka kuusukuma mfupa urudi ndani. Hapana! Mfupa ukisukumwa unaingia na uchafu wake. Kama kuna majani au kokoto zimekaa juu juu, toeni kwa mikono iliyooshwa, lakini msichimbe. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi kabisa, kwa mfano leso iliyofuliwa na kupigwa pasi. Damu ikitoka, bonyezeni kando ya mfupa, si juu yake. Fungeni mguu kwa mbao mbili au magazeti yaliyokunjwa, kuanzia juu ya goti hadi chini ya kifundo, ili usichezecheze njiani. Msikaze mno. Vidole vikiwa baridi au vikibadilika rangi, legezeni. Msimpe chakula, kwa kuwa huenda akaingia thieta siku hiyo hiyo. Mkishalifunika jeraha, liacheni hivyo mpaka hospitalini. Kila mpita njia asilifunue kutazama.

Wengi wameambiwa kwamba zikipita saa sita kabla ya thieta, mguu umekwisha. Habari hii ni ya zamani sana. Mwaka 1898 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Paul Friedrich, alitia uchafu wa bustani na vumbi la ngazi kwenye majeraha ya simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa kama sungura. Akaona kwamba kusafisha kulisaidia katika saa sita za kwanza. Tangu hapo hesabu ya simbilisi ikawa hesabu ya watu. Uchunguzi wa miaka ya karibuni haukuonyesha kwamba saa ya sita ndiyo mpaka wa kupona na kutopona. Kwa hiyo mkifika saa ya nane msikate tamaa, na mtu asiwaambie mrudi nyumbani kwa mzee wa dawa ati mmechelewa.

Kinachopigania mguu mapema ni sindano ya antibayotiki. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani walitoa hesabu yao: kati ya wagonjwa wasiopewa dawa hiyo, karibu 14 kwa kila 100 walipata usaha, waliopewa moja ya dawa zilizojaribiwa, ni 2 na kidogo tu kwa kila 100. Madaktari hupenda sindano ipatikane ndani ya saa moja tangu kuumia. Basi kama kuna zahanati njiani, simameni. Ulizeni kwa adabu kama wanaweza kumpa hiyo na ile ya pepopunda, kisha waandike saa kwenye karatasi mwende nayo. Si mnajua, mgonjwa akifika hospitali bila karatasi, yote huanza upya.

Tuje kwenye kuosha, kwa maana hapa kuna habari ambayo tulipoisoma tulishangaa. Thieta daktari hufungua jeraha, akakata nyama iliyokufa, akatoa uchafu na vipande vya mfupa visivyo na uhai, kisha akaosha kwa maji mengi: kawaida lita 3 kwa jeraha dogo, lita 6 au hata 9 kwa kubwa. Kwa miaka mingi wakubwa walibishana. Je, maji yapigwe kwa nguvu kwa mashine, au yateremke tu? Na yawe na sabuni au chumvi tupu?

Watafiti wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada walilipeleka swali hilo kwa wagonjwa wenyewe, katika Kanada, Marekani, Australia, Norway na India. Matokeo yalitoka mwaka 2015, wagonjwa 2,447. Waliooshwa kwa nguvu nyingi, kwa nguvu kidogo, na kwa maji yanayoteremka yenyewe kutoka mfuko uliotundikwa juu, wote walikuwa karibu sawa: kama 13 au 14 kwa kila 100 walirudishwa thieta ndani ya mwaka mmoja. Na sabuni? Waliooshwa kwa maji ya chumvi waliorudishwa walikuwa 11.6 kwa kila 100; wa sabuni 14.8. Sabuni ilishindwa!

Sisi wa hospitali ndogo tunaona hii ni habari njema. Mgonjwa wako hakukosa chochote kwa kuoshwa bila mashine ya bei. Mfuko wa maji ya chumvi yaliyo safi kabisa, kamba ya kuutundikia na daktari mwenye subira, vinatosha kwa upande wa maji. Lakini tafadhali, msichukue habari hii mkaanza kuosha mfupa nyumbani kwa chumvi ya jikoni. Hao wote waliosha ndani ya thieta, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi au amekufa ganzi, na nyama mbovu imekatwa. Nayo sabuni ya mikono ibaki pale pale karibu na choo.

Tazameni tena ile hesabu. Hata walioshwa vizuri, katika hospitali zenye vifaa, zaidi ya 10 kwa kila 100 walirudi thieta kwa sababu ya usaha, jeraha kukataa kufunga, au mfupa kukataa kuunga. Na wengi, hata baada ya miezi 12, hawakuwa wamerudia nguvu zao za kabla ya ajali. Hapa ndipo tuna neno na vikundi.

Mtu akivunjika, tunafanya harambee kubwa. Tunalipa hospitali, tunamleta nyumbani kwa nyimbo, tunampikia. Wiki ya tatu tunakuja wachache. Mwezi wa tatu hakuna mtu. Na mwezi wa tatu ndio wakati nauli ya kliniki imekwisha, mgonjwa anaanza kuruka siku zake, na jeraha limeanza kutoa maji yenye harufu. Anasema, "Litakauka." Linakauka kweli, ngozi inafunga, halafu baada ya wiki mbili linapasuka tena mahali pale pale. Huo ni usaha ulio ndani ya mfupa, na hautaisha kwa kupaka kitu juu. Homa, uvimbe mpya, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kitundu kinachofunga na kufunguka: siku hiyo hiyo arudi hospitali, asingoje tarehe ya kadi.

Wengine wanarudi na vyuma vya nje vimetokeza mguuni, wanaona haya, na majirani wanasema hiyo ni dawa ya maskini. Si kweli. Taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ililinganisha vyuma hivyo na chuma cha ndani ya mfupa. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba baada ya mwaka, vifo na matatizo makubwa ya kurudisha mtu thieta havikutofautiana sana. Vyuma hivyo viwekwe safi kama mlivyoonyeshwa wodini, na watoto wasivichezee.

Nyumbani mgonjwa ale mayai, maharagwe, omena, maziwa, chochote cha kujenga mwili kinachopatikana. Sigara aache, maana huchelewesha mfupa kuunga. Hapa wageni wanaomletea pakiti "apoteze mawazo" wanamuumiza. Vidole na goti avichezeshe kila siku kama alivyofundishwa. Kukanyagia mguu, angoje neno la daktari, hata kama shamba linaita.

Kuhusu pesa, sisi tungegawa hivi. Tuseme kikundi kina shilingi 12,000 za dharura. Toeni 3,000 siku ya kwanza kwa gari na mambo ya haraka. Zile 9,000 zishikwe na mweka hazina, zitoke kidogo kidogo kwa nauli ya kliniki, magongo na bandeji, mwezi baada ya mwezi. Mkopo wake kwa kikundi usimamishwe bila riba mpaka atembee. Tumeona mtu akiuza ng'ombe wa maziwa ili alipe kikundi chake mwenyewe, na maziwa hayo ndiyo alikuwa anakunywa apone. Na kwa kuwa SHA ilichukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, kila mkutano ulizeni nani hajajiandikisha au michango yake haijakaa sawa. Aliyeko wodini hawezi kwenda kupanga foleni.

Chagueni pia watu wawili wa kumsindikiza kliniki kwa zamu, na mwandishi aandike tarehe zake kwenye kitabu cha kikundi, karibu na zile za mzunguko.

Sasa tunywe chai, halafu maswali. Wale wazee wetu wanaounga mifupa tungependa wakae hapa mbele, kwa sababu mara nyingi wao ndio huitwa kwanza, na tunataka tukubaliane nao ni mfupa gani wataupeleka hospitali bila kuugusa.